Ubao wa Nambari Nyekundu, Garsen

Wiki iliyopita nilikabidhi funguo za karakana, na karani wa stoo akanisainisha kila bisibisi, hata ile yenye mpini uliovunjika. Sikumlaumu. Utaratibu huo niliuweka mimi. Sasa nimekaa nyumbani, mikono haina cha kushika, na ninyi mliobaki mezani mmeniomba mara nyingi niandike yale niliyokuwa nikiwasimulia wakati wa chai. Vyeo sitavitaja, na mishahara mnaijua wenyewe. Nitaandika juu ya kazi, hasa kazi moja, kwa sababu ndiyo ninayojivunia kuliko zote.

Mimi ni mtu wa Ngao, mtoto wa wakulima wa mpunga na ndizi. Ufundi nilijifunza Mombasa, kwa Fundi Kassim, mzee aliyekuwa akitengeneza redio na amplifaya katika chumba ambacho watu wawili wakiingia, wa tatu husubiri barazani. Siku ya kwanza alinipa redio iliyokufa na pasi ya kuyeyushia risasi, akaenda kuswali. Aliporudi nilikuwa nimeunguza vidole viwili na kuyeyusha kifuniko cha redio. Akaitazama redio, akanitazama mimi.

"Vizuri," akasema. "Leo umejua upande wenye moto. Kesho tutaanza na upande mwingine."

Hakuwahi kuniuliza kwa nini msichana anataka kushika pasi ya aina hiyo badala ya pasi ya nguo. Wengine waliuliza kwa niaba yake. Alichonifundisha zaidi ya kulehemu ni hiki: "Mteja akikwambia kilichoharibika ni nini, usimsadiki. Akikwambia kiliharibika lini, msikilize kama kadhi."

Nilirudi kwetu mwishoni mwa miaka ya tisini, mwaka uliofuata yale mafuriko makubwa. Nilidhani nitatengeneza redio za watu Garsen. Nilizitengeneza kweli, nyingi zikiwa na matope ya mto ndani yake na moja ikiwa na kambare mkavu. Lakini kazi iliyoniweka pale ilikuwa ya Bwana Athmani.

Athmani alikuwa mtu wa Kipini. Alikuwa ameendesha mitambo ya sauti Mombasa miaka mingi, na studio aliyokuwa akiifanyia kazi ilipofungwa, alinunua mashine yao ya tepu, ile ya mistari minane, akaja nayo Garsen. Alikodi ghala la zamani la nafaka, akalijengea ukuta katikati. Upande mmoja chumba cha mitambo, upande wa pili ukumbi wa waimbaji, na katikati kidirisha cha kioo. Umeme ulikuwa wa jenereta iliyofukiwa nusu shimoni nyuma ya jengo ili kelele zake zisiingie kwenye nyimbo. Watu walimcheka. Baada ya miezi sita waliokuwa wakimcheka walikuwa wakipanga foleni kurekodi.

Kwa wale waliozaliwa na kompyuta, acheni niwaeleze tulivyofanya kazi. Kwenye mstari mmoja wa tepu tulirekodi taimukodi, yaani saa iliyoandikwa ndani ya tepu yenyewe: dakika, sekunde, na vipande vya sekunde. Kwenye mstari mwingine tuliweka tiki, mlio wa kuhesabia mapigo. Wapiga gitaa na kinanda walirekodi kwanza wakifuata tiki ile. Siku nyingine waimbaji walikuja kuimba juu ya muziki uliokwisha kurekodiwa. Hedifoni tulikuwa nazo mbili tu, na spika haikuweza kufunguliwa ukumbini kwa sababu sauti yake ingeingia kwenye maikrofoni. Kwa hiyo kama ni kwaya, hedifoni alivaa mwalimu wa kwaya peke yake. Yeye alisikia muziki, na watu thelathini waliufuata mkono wake.

Kwaya iliyotutoa jasho ilitoka Tarasaa. Mwalimu wao, Mwalimu Jilo, alinifundisha hesabu darasa la tano, na mpaka siku ile nilikuwa sijaacha kumwogopa kidogo. Aliiongoza kwaya hiyo kwa miaka ishirini na miwili. Walifika wamesimama kwenye tela la trekta, sare zao zimefungwa kwenye mifuko zisipate vumbi, wakaingia ukumbini na kuanza kuimba huku wakikanyaga sakafu kwa miguu yote sitini. Sindano za kupimia sauti kwenye mashine zikaruka.

Athmani akatoka mbio. "La, la! Viatu tini! Hii miguu yenu yaingia kwenye maikrofoni kama ng'ombe wa watu." Akawatandikia mikeka, mmoja juu ya mwingine, wakavua viatu, wakaanza upya.

Ubeti wa kwanza ulikwenda. Wa pili ukaanza kulegea. Kufikia wa tatu, kwaya ilikuwa nyuma ya gitaa kwa mapigo manne, na Mwalimu Jilo, hedifoni kichwani, alikuwa akipunga mkono kwa uhakika kabisa, kama mtu anayeongoza wimbo mwingine. Tukarudia mara tatu. Mara tatu ikawa vilevile. Wakapanda tela lao na kurudi kwao.

"Kwaya nzima yapotea ndiani," Athmani akaniambia, "kwa kuwa hawana pa kutizama. Saa ya tepu iko huku kwetu, nambari zake ndogo kama chawa. Nataka uwafanyie nambari kubwa, Dada Dorka. Kubwa hasa! Uitie ukutani, mtu aione toka mlangoni hata kama mato yamemzeekea."

"Kubwa kiasi gani?"

Akainua mkono wake, akanionyesha kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. "Kila nambari."

Tulikuwa na wiki tatu. Baada ya hapo masika yangeanza, na sote tuliikumbuka barabara ya Malindi ilivyokatika mwaka uliotangulia. Athmani akaongeza jambo lingine, kwa sauti ya chini. "Na wakishindwa tena, yule mpiga kinanda wao ataongoza. Wazee wa kanisa lao wameshaniuliza. Mwalimu amechoka."

Hilo lilinichoma. Nilikwenda kuandika orodha ya vifaa.

Nambari moja ina vipande saba, vile vinavyojenga nane ikiwaka yote. Kila kipande nilikipangia vitaa kumi vya LED. Nambari sita, za dakika, sekunde na vipande vya sekunde: vitaa mia nne na ishirini, mbali na nukta za kutenganisha. Nilimwandikia Fundi Kassim, naye akanitumia mia tano kwa basi lililokuja na msafara wa askari, pamoja na kikaratasi: "Pima kimoja kimoja. Muuzaji ni rafiki yangu, ndiyo maana nakwambia."

Nilipima. Kitaa cha LED kina mguu mrefu na mfupi, ili ujue upande wa chanya. Hivi vilikuwa vimekatwa miguu sawa, kama askari. Ikanibidi nishike kila kimoja kwenye betri mbili za tochi, nikigeuze mpaka kiwake, nitie alama ya wino, kisha nikitenge kulingana na mwanga wake, maana vingine viling'aa kama kaa la moto na vingine kama kaa lililosahauliwa. Kazi hiyo ilikula siku nne. Ninyi siku hizi mnanunua ubao mzima umeshaunganishwa, na bado mnalalamika kwamba bisibisi imepotea.

Mwili wa saa ulikuwa plaiwudi moja nzima. Niliichora nane sita, nikatoboa matundu kwa keke ya mkono, moja baada ya jingine, mpaka kiganja kikatoa malengelenge. Vitaa vitanovitano nilivifunga kwa mfululizo na rezista yake ili vitumie betri ya gari. Nyaya arobaini na mbili, moja kwa kila kipande, nilizipitisha ukutani kutoka kwenye ile saa ndogo ya Athmani, kila waya ukaishia kwenye transista yake, swichi ndogo ya umeme. Tundu la ukutani nililiziba kwa sufi ya mto wa kulalia. Mto ulikuwa wangu.

Nilipowasha mara ya kwanza, moja ilitokea sawasawa, mbili sawasawa, lakini tano ilikuwa herufi isiyokuwamo katika alfabeti yoyote. Mama Dahabo, mwanamke wa Kiorma aliyetuletea maziwa kila asubuhi kutoka Minjila, alikuwa amesimama mlangoni na vibuyu vyake. Akaitazama kwa muda.

"Hiyo iko ugonjwa," akasema.

Ilikuwa nyaya mbili zimepishana. Nikaziponya.

Siku kumi kabla ya kwaya kurudi, Mwalimu Jilo alikuja Garsen kwa shughuli za shule, akapitia studio kuona tulichokuwa tukitengeneza. Alisimama katikati ya ukumbi, mikono nyuma, kama alivyokuwa akisimama darasani, akizitazama nambari zikikimbia. Mimi nilikuwa juu ya stuli nyuma yake. Nikaligonga kopo la misumari kwa kiwiko, likaanguka juu ya saruji kwa kishindo. Athmani akapiga kelele kutoka chumba cha pili, "Nini hicho?" Mama Dahabo, aliyekuwa nje, akachungulia dirishani.

Mwalimu Jilo hakutikisika hata ukope.

"Mwalimu," nikaita. Kimya. "Mwalimu Jilo!"

Nikashuka, nikazunguka mpaka mbele yake. Akatabasamu. "Hongera, Dorka. Ni kazi safi."

Nilitaka kusema mambo mengi. Nikakumbuka mafunzo ya Fundi Kassim, nikauliza moja. "Mwalimu, tangu lini?"

Aliniangalia midomo, kisha macho. Akatazama misumari iliyotapakaa sakafuni nyuma yake, na nadhani ndipo alipojua kilichomsaliti.

"Tangu mafuriko," akasema polepole. "Tulipokuwa kwenye mahema kule juu nilishikwa na homa. Ilipoondoka, iliondoka na sikio la kulia. La kushoto limebaki na sauti nzito tu, kama mtu anayesema ndani ya pipa."

"Na darasani?"

"Nasoma midomo. Watoto husema kwa midomo mikubwa, Mungu awabariki."

"Na ile tiki ya kwenye hedifoni?"

"Sijaisikia hata siku moja."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akanijibu kwa sauti ambayo sikuizoea kwake. "Niseme nini? Kwamba kwaya inaongozwa na kiziwi? Wataniaga kwa heshima, watanipa kiti cha mbele, nami nitakaa niwatazame wakifungua na kufumba vinywa. Dorka mwanangu, usinivue nguo."

Nilimwahidi. Baada ya yeye kuondoka niliokota misumari yote, mmoja mmoja, kwa sababu sikuweza kufanya kitu kingine. Nilimwonea huruma, na papo hapo niliona haya kumwonea huruma, maana alikuwa mwalimu wangu. Nambari zile hazingemsaidia. Zingemwambia aanze lini, lakini sekunde haziendi sawa na wimbo, na vipande vya sekunde, ambavyo Athmani alivishikilia kama imani ya dini, vilikimbia hata visionekane. Alihitaji pigo.

Nikatazama zile nukta za kutenganisha dakika na sekunde. Zilikuwa zinawaka tu, hazina kazi.

Tiki ilikuwa tayari kwenye tepu. Nilivuta waya kutoka kwenye mstari wake, nikaufikisha kwenye transista, na transista nikaiunganisha na nukta. Nikawasha. Hakuna kitu. Kumbe tiki ni fupi mno. Taa iliwaka na kuzima kabla jicho halijapata habari. Nikaongeza kapasita ndogo ya kuishikilia kidogo, ikawa nukta zinapumua, pigo kwa pigo. Kisha nikazipanua mpaka zikawa kubwa kama sahani, nikamaliza vitaa vyote vilivyobaki.

"Na hizi?" Athmani akauliza.

"Mapambo," nikasema. Huo ndio uongo wa pekee niliowahi kumwambia mwenye kazi, na bado siujutii.

Kwaya ilirudi asubuhi, mawingu yameshaanza kujikusanya upande wa bahari. Wakavua viatu bila kuambiwa, wakapanda kwenye mikeka. Nilimwonyesha Mwalimu nukta kwa kidole tu. Aliziangalia zikipiga, na mkono wake wa kulia, ulioning'inia ubavuni, ukaanza kupiga nazo. Nikarudi chumba cha mitambo, moyo unanidunda kuliko tiki.

Tepu ikaanza. Sekunde ya kumi na mbili ndiyo ya kuingia. Sekunde ya tisa jua likachomoza kati ya mawingu, likapenya dirisha la mashariki na kumwagika juu ya ubao wangu wote. Nambari zikafutika. Nukta zikafutika. Mwalimu akainua mkono, akabaki hivyo, mkono hewani, akiukodolea macho ubao mtupu.

"Mwalimu, anza!" Athmani akasema kwenye maikrofoni ya kuongea na ukumbi, iliyokwenda moja kwa moja kwenye hedifoni. "Mwalimu! Mwalimu Jilo!" Akafungua sauti mpaka mwisho, hata sisi tukaisikia hedifoni ikilia kupitia kioo. Mwalimu hakugeuka.

Athmani akanigeukia. Alikuwa mtu wa sauti. Hakuhitaji kuelezwa mara mbili. "Hasikii?"

Akasimamisha tepu, akaingia ukumbini, nami nikamfuata nikiwa nimejiandaa kugombana. Lakini kabla hajafungua kinywa, Mama Salome, mkubwa wa sauti ya kwanza, alitoka mstarini.

"Bwana Athmani," akasema, "usimuulize yeye. Sisi tulijua tangu wakati wa mafuriko. Kwani unadhani tunakanyaga kwa nini? Mwalimu hupokea mdundo kwa nyayo. Wewe ukatuvua viatu, ukatutandikia mikeka, ndipo tukampoteza."

Mwalimu Jilo alikuwa amesoma kila neno kwenye midomo yake. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akachukua muda mrefu kuifuta.

"Kwa hiyo mlinidanganya," akasema.

"Nawe ulitudanganya, Mwalimu," Mama Salome akamjibu, akihakikisha anamwelekea usoni. "Tumelipana. Tuimbe, mvua yaja."

Athmani aliutazama ubao, kisha mikeka, kisha mimi. "Dada Dorka. Mapambo?"

"Mapambo ya maana," nikasema.

Alitingisha kichwa, na nikaona tabasamu analolizuia. "Haya. Na jua hili tulifanyeni?"

"Wewe funika dirisha," ilisema sauti kutoka mlangoni. Mama Dahabo alikuwa ameshaweka vibuyu vyake chini. "Taa yako iko sawa. Jua ndiyo iko na makelele." Akavua shuka lake jeusi la mabegani, tukalipigilia misumari dirishani yeye na mimi. Ukumbi ukaingia giza la rangi ya kahawia, na nambari zikasimama ukutani nyekundu, zimeiva.

Sekunde ya kumi na mbili mkono ukashuka, na watu thelathini wakaingia kama mlango mmoja unaofunguliwa. Ubeti wa kwanza. Wa pili. Niliangalia sindano, nikaangalia transista zangu kama zinachemka, kisha nikaacha kuangalia chochote. Gitaa na kwaya vilikwenda bega kwa bega. Mwalimu Jilo hakuwa tena anapunga upepo; kila pigo lilipowaka, mkono wake ulikuwa umeshafika. Dakika ya tatu na sekunde thelathini na nane sauti ya mwisho ikazimika, pamoja na gitaa, palepale. Athmani aliniminya bega hadi likauma. Nililia kidogo. Naandika hivyo, sioni haya.

Tulipocheza tepu, wanakwaya walijazana mlangoni mwa chumba cha mitambo wakishangilia. Athmani alisimama mbele ya Mwalimu, akasema polepole kwa midomo mikubwa, "Mwalimu, tumepata. Mabruki."

Mwalimu Jilo hakushangilia. "Bado," akasema. "Dakika ya pili, sekunde ya kumi na nne. Besi wamechelewa."

Watu wakaguna. Besi mmoja akacheka. Athmani, kwa upole, akasema, "Mwalimu, sisi tuna masikio na hatukusikia kitu."

"Nambari ilisema kumi na nne, na midomo yao ilikuwa bado imefungwa. Nimewaona."

Athmani akarudisha tepu, akazima mistari mingine yote, akaacha maikrofoni ya besi peke yake. Tukanyamaza, tukatega. Sekunde ya kumi na mbili. Kumi na tatu. Kumi na nne, na pale penye sauti ya besi palikuwa na pumzi tu, kisha mtu mmoja, kisha wengine wakimfuata kwa haraka kama wanafunzi waliochelewa paredi. Aliyecheka alikuwa anatazama miguu yake.

"Haya," Mwalimu akasema, akigeuka kurudi ukumbini. "Kila mtu mahali pake."

Aliiongoza kwaya ile miaka mingine mingi. Ubao wangu ulitumika mpaka Athmani alipoihamia kompyuta, na wakati huo mimi nilikuwa nimeshakuja kwenu. Kaseti za kwaya ile bado mtazikuta majumbani, Tarasaa mpaka Kipini, nyingi zimefifia maandishi. Wimbo ulioingia humo ni ule tuliourudia baada ya hapo. Mkiipata, sikilizeni dakika ya pili, sekunde ya kumi na nne. Besi wako mahali pao.